Barua pepe yenye jina la mkurugenzi isiyotoka kwa mkurugenzi: tuweke kinga gani?

AfisaTehama_Kurasini ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni afisa TEHAMA, tena wa pekee, katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam yenye wafanyakazi wasiofika sitini. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo lililotupata wiki mbili zilizopita.

Siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, mhasibu wetu alipokea barua pepe yenye jina kamili la mkurugenzi mtendaji ikimuuliza kama bado yuko ofisini. Alipojibu kwamba yupo, ikaja ya pili ikieleza kwamba mzigo wa mteja mkubwa umekwama, kwamba dola 18,400 zinatakiwa kulipwa siku hiyo hiyo kwa wakala aliye nje ya nchi, kwamba jambo lenyewe bado ni siri ya wakurugenzi, na kwamba asipige simu kwa kuwa mkurugenzi yuko mezani na wenyeji wake. Mkurugenzi alikuwa Guangzhou kweli, na yeyote aliweza kulijua hilo, kwa sababu picha za maonyesho aliyohudhuria tulizibandika wenyewe kwenye ukurasa wa kampuni. Mhasibu akajaza fomu ya kuhamisha fedha, meneja wa uendeshaji akatia saini ya pili baada ya kuonyeshwa ile barua kwenye simu, na fomu ikapelekwa benki. Huko wakaambiwa kwamba muda wa malipo ya nje kwa siku ile umepita na kwamba fomu itashughulikiwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi mkurugenzi alipiga simu kwa shughuli nyingine kabisa, na katika mazungumzo ndipo ilipobainika kwamba hakuandika chochote.

Nilipoifungua barua ile kwenye kompyuta niliona mara moja kwamba anwani iliyojificha nyuma ya jina la mkurugenzi ilikuwa ya huduma ya bure, yenye herufi na tarakimu zisizohusiana na kikoa chetu, yaani jina la kampuni linalofuata alama ya @. Mhasibu aliisoma kwenye simu, na simu ilionyesha jina peke yake. Kuna jambo jingine ambalo mhasibu mwenyewe alilikumbuka baadaye kwa uchungu: kwa miaka tisa mkurugenzi amemwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, lakini barua ile ilimwita kwa majina yake mawili, kama yalivyoandikwa kwenye tovuti yetu.

Sasa mkurugenzi ameniagiza ninunue programu ya kuzuia barua za namna hiyo, na bodi imetenga fedha kidogo kwa ajili hiyo. Wakati huo huo wapo wanaotaka mhasibu apewe barua ya onyo. Je, ipo programu inayoweza kulimaliza tatizo hili? Nimesoma kuhusu SPF, DKIM na DMARC, zile rekodi za kuhakiki mtumaji wa barua pepe, lakini sina hakika kama zingetusaidia siku ile. Nitashukuru kwa ushauri wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii.

FundiSeva amejibu:

Ndugu Afisa, pole kwa mkasa. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu wengi huambiwa nusu ya jibu na wauzaji. Rekodi hizo tatu ni za lazima na mnapaswa kuziweka, lakini barua iliyowapata Ijumaa ile isingezuiwa hata na moja kati yake.

Itifaki ya kusafirisha barua pepe iliyotungwa mwaka 1982 haikuweka njia ya kumhoji mtumaji kama kweli ndiye anayedai kuwa. Barua pepe ina bahasha na ina karatasi ya ndani. Seva husoma bahasha, msomaji huona karatasi, na jina lililo kwenye karatasi anaweza kuliandika yeyote, kama ambavyo mtu yeyote anaweza kuchapishiwa karatasi yenye nembo ya ofisi yenu katika duka la steshenari pale Kariakoo. SPF hutangaza ni seva zipi zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chenu. DKIM huitia barua saini ya kielektroniki, na seva inayopokea huihakiki kwa ufunguo mliouweka hadharani kwenye rekodi za DNS, yaani daftari la umma la vikoa. DMARC, iliyochapishwa mwaka 2015 katika hati ya kiufundi RFC 7489, huziunganisha hizo mbili na kuongeza jambo ambalo zenyewe hazina: huangalia kama kikoa kilichothibitishwa ndicho kile kile anachokiona msomaji katika sehemu ya mtumaji, kisha huiambia seva inayopokea ifanye nini pale visipolingana.

Kwa hiyo tapeli anayejaribu kutuma barua akijifanya ametumia anwani halisi ya mkurugenzi wenu, kikoa chenu kikiwa kama kilivyo, atagonga ukuta, mradi DMARC yenu imefikia sera ya kukataa, yaani p=reject, na mradi seva inayopokea inaiheshimu. Hakikisheni seva yenu nayo inaiheshimu sera hiyo kwa barua zinazoingia, maana nimekuta kampuni zilizoweka rekodi nzuri kwa ajili ya ulimwengu huku seva yao yenyewe ikipokea kila kitu.

Njia ya kufika huko ni ya subira. Anzeni na p=none, yaani sera ya kutazama tu, pamoja na anwani ya kupokelea ripoti, na mkae nazo wiki kadhaa mkizisoma. Mtashangaa ni mifumo mingapi inatuma barua kwa jina lenu bila ninyi kukumbuka: mfumo wa hati za mishahara, mfumo wa ankara, fomu ya mawasiliano kwenye tovuti, pengine hata mashine ya kunakili inayotuma hati zilizochanganuliwa. Kila mmoja uwekewe saini au uingizwe kwenye SPF, na mkumbuke kwamba SPF hairuhusu zaidi ya rejea 10 za DNS, zikizidi hapo uhakiki wote huharibika. Mkishamaliza, pandeni hadi quarantine, yaani barua za mashaka zitengwe, na baadaye reject. Kosa ninaloliona kila mara ni kampuni kubaki p=none kwa miaka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wa barua nyingi, ambao kwa Google ni kuanzia 5,000 kwa siku, wawe na rekodi ya DMARC, lakini p=none inatosha kulitimiza sharti hilo, basi wengi wakaiweka na kudhani wamejikinga. Sera hiyo hukuletea ripoti tu, haizuii kitu.

Kuhusu barua yenu: tapeli hakughushi kikoa, alilighushi jina. Alifungua akaunti ya bure, akaandika jina la mkurugenzi katika sehemu ya jina la kuonyeshwa, na barua yake ikapita uhakiki wote kwa sababu kweli ilitoka kwenye huduma ile ya bure. Dawa ya hapo ni kanuni kwenye seva yenu ya barua: kila barua inayoingia kutoka nje ikiwa na jina linalofanana na la mkurugenzi yeyote, la mjumbe wa bodi au la mkuu wa fedha, izuiwe ikaguliwe, na kila barua ya nje iwe na alama ya wazi juu yake inayosema kwamba haikutoka ndani ya kampuni. Huduma kubwa za barua pepe za ofisini zinaruhusu hilo, na baadhi ya vifurushi vina ulinzi wa majina ya viongozi tayari ila haujawashwa. Kabla hujanunua chochote, fungua mipangilio ya hicho mnachokilipia sasa.

Inabaki aina ya tatu, ambayo ni vikoa pacha. Mtu husajili kikoa kinachofanana na chenu, herufi m ikibadilishwa na r na n zilizokaa pamoja, au .co.tz ikiachwa na kuchukuliwa .com, naye huweka SPF na DKIM safi kabisa. Sajilini wenyewe vile vilivyo karibu sana na jina lenu, gharama yake kwa mwaka ni ndogo, na vingine viwekeni kwenye orodha ya kuzuiwa.

Mhasibu_Mstaafu amejibu:

Nimemsoma FundiSeva kwa makini na sina la kumkosoa katika fani yake. Ila naomba wanajukwaa tuitazame ile saini ya pili ya meneja wa uendeshaji, kwa sababu hapo ndipo kampuni ilipokuwa uchi, na hakuna programu itakayoisitiri.

Mwaka 2015 kampuni ya vitu vya kuchezea ya Mattel ya Marekani, ambayo ilikuwa imepata mkurugenzi mtendaji mpya, ilituma zaidi ya dola milioni 3 kwenda benki moja ya Wenzhou nchini China kwa sababu ya barua pepe ya kughushi yenye jina la mkurugenzi huyo. Utaratibu wao ulitaka malipo yaidhinishwe na viongozi wawili wa juu. Ofisa wa fedha aliyeipokea barua alikuwa mmoja wa wenye mamlaka hayo, na mkurugenzi mtendaji alikuwa wa pili, kwa hiyo kwa macho yake sharti lilikuwa limetimia. Tapeli alihesabiwa kuwa mtia saini. Ndugu Afisa, hilo ndilo lililotokea kwenu kwa sura nyingine: meneja wenu hakuidhinisha malipo, aliidhinisha picha ya barua aliyoonyeshwa kwenye simu ya mwenzake. Saini mbili zinazotegemea barua moja ni saini moja.

Ningeshauri kampuni iandike kanuni fupi, na ninasisitiza kwamba mkurugenzi mtendaji aitie saini yeye mwenyewe na aisome mbele ya wafanyakazi wote wa fedha. Kanuni hiyo iseme kwamba barua pepe, hata ikitoka kwake kweli, si idhini ya malipo. Malipo yoyote ya nje ya mpango, akaunti yoyote mpya ya mlipwaji, na badiliko lolote la akaunti ya mlipwaji wa zamani yathibitishwe kwa simu, na simu hiyo apige mhasibu, kwa namba iliyokuwa kwenye faili kabla ya barua kufika. Asitumie namba iliyoandikwa chini ya barua, wala asikubali simu iliyopigwa na upande wa pili kuwa ndiyo uthibitisho. Mtia saini wa pili naye apige simu yake mwenyewe au aione vocha, mkataba na ankara, asitosheke na neno la mwenzake. Jina la aliyethibitisha, saa na tarehe viandikwe kwenye vocha ya malipo kwa kalamu, ili mkaguzi akija avikute.

Halafu iwekwe ibara moja ambayo kwangu ina uzito kuliko zote: mhasibu atakayechelewesha malipo kwa sababu ya kuthibitisha hataadhibiwa, hata kama barua ilikuwa ya kweli na kampuni ikatozwa faini ya kuchelewa. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni moja, sitaitaja, ambayo karani wa fedha alimpigia mkurugenzi simu usiku kumuuliza kuhusu malipo, akakaripiwa mbele za watu kesho yake kwamba anamsumbua bosi. Miezi michache baadaye ikaja barua ya kughushi, na yule yule karani akalipa bila kuuliza. Aliyefukuzwa ni yeye. Bado namkumbuka akikusanya vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kuchapia, na nasema wazi kwamba haikuwa haki. Matapeli wanaijua hofu hiyo. Maneno "ni siri", "ni haraka" na "usipige simu" yapo katika barua hizi kwa sababu katika ofisi nyingi mkubwa akisema, mdogo hahoji.

Kwa hiyo kuhusu barua ya onyo kwa mhasibu wenu, namsihi mkurugenzi asiitoe. Ninyi mlikuwa hamna kanuni aliyoivunja. Tena kwa wenye kudhani kwamba jambo hili ni la wadogo peke yao, kampuni ya vipuri vya ndege ya FACC ya Austria ilipoteza takriban euro milioni 50 kwa njia hii, jambo lililotangazwa Januari 2016, na kabla mwaka haujafika katikati bodi ilikuwa imemwondoa mkurugenzi mtendaji pamoja na mkuu wa fedha.

Mdau_Arusha amejibu:

Nashukuru kwa maelezo haya. Nina mashaka kidogo juu ya simu kuwa ndiyo kimbilio. Katika ofisi nyingi za kwetu mkurugenzi hatoi maagizo kwa barua pepe kabisa, anatoa kwa WhatsApp, na siku hizi ujumbe unaanza na "hii ni namba yangu mpya, ile nimeiacha Dar". Sauti nazo zinaigwa kwa akili bandia. Je, hatuhamishi tatizo kutoka chombo kimoja kwenda kingine? Na je, mafunzo kwa wafanyakazi hayafai kuwa ndiyo kinga ya kwanza?

Mhasibu_Mstaafu amejibu:

Ndugu Mdau, hoja yako ni nzito, na mwaka 2024 ilithibitika kwa gharama kubwa. Mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alipokea ujumbe uliodai kutoka kwa mkuu wa fedha aliyeko Uingereza, ukizungumzia malipo ya siri. Mwanzoni alishuku kwamba ni utapeli. Akaalikwa kwenye kikao cha video, akawaona na kuwasikia watu aliowajua, mashaka yakamtoka, naye akafanya malipo 15 yenye jumla ya dola za Hong Kong milioni 200, ambazo ni kama dola milioni 25 za Marekani. Sura zote zile zilikuwa za kutengenezwa.

Lakini angalia ni nani aliyeanzisha kikao. Yeye alialikwa, hakualika. Ndiyo maana nilisisitiza kwamba mhasibu ndiye apige, kwa namba ya zamani. Angekata kile kikao na kumpigia mkuu wa fedha kwa namba iliyo kwenye kitabu cha ofisi, ile sura ya kutengenezwa isingekuwa na njia ya kupokea simu hiyo. Kuhusu laini kuibwa kwa kubadilishiwa kadi, hatari hiyo ipo, na kwa malipo makubwa ongezeni neno la siri la mdomo ambalo wahusika wanne au watano wamepatana ana kwa ana na ambalo haliandikwi kwenye barua wala WhatsApp. "Namba mpya" ya mkurugenzi isikubaliwe hadi aje ofisini, au hadi aithibitishe mtu mwingine aliyezungumza naye kwa njia ya zamani.

Kuhusu mafunzo, yafanyike, lakini sikubali yawe ya kwanza. Mtu aliyefundishwa huchoka, huugua, huuguliwa na mtoto, au huisoma barua akiwa kwenye daladala. Kanuni haichoki.

Mlinzi_wa_Mombasa amejibu:

Hamjambo wenzangu. Mimi nafanya kazi ya usalama wa mifumo huku Mombasa, na ningependa kuongeza hali ambayo haijaguswa: pale barua inapotoka kwenye kisanduku cha mkurugenzi chenyewe, kwa sababu nywila yake imeibwa. Hapo SPF, DKIM na DMARC zote zitasema barua ni halali, na zitakuwa zinasema kweli.

Mwaka jana niliitwa na kampuni moja ya biashara ya nafaka. Msambazaji wao wa miaka mingi alikuwa amelipwa, ila kwa akaunti isiyo yake. Nilipoingia kwenye mipangilio ya kisanduku cha mkurugenzi nilikuta kanuni moja ndogo ambayo jina lake lilikuwa nukta tu, bila neno lolote. Ilikuwa ikichukua kila barua yenye neno "ankara" au "malipo" kutoka kwa yule msambazaji na kuipeleka kwenye folda ya RSS, folda ambayo hakuna mtu huifungua, na kuiweka alama ya kwamba imeshasomwa. Mwizi alikuwa amekaa humo wiki tano. Alijua tarehe za malipo, aliijua mizaha ya mkurugenzi na msambazaji, alijua hata namna mkurugenzi anavyomalizia barua zake kwa herufi mbili za mwanzo za majina yake. Alisubiri ankara ya kweli ifike, akaificha, akaituma upya ikiwa na namba nyingine ya akaunti.

Mlango ulikuwa nini? Mkurugenzi alikuwa amempa katibu muhtasi wake nywila ili amsomee barua, katibu akaitumia kwenye kompyuta ya nyumbani, na uhakiki wa hatua mbili ulikuwa umezimwa kwa sababu msimbo ulikuwa ukienda kwenye simu ya mkurugenzi kila katibu anapotaka kuingia. Simlaumu katibu, maana alitekeleza aliloagizwa. Lakini jambo hili limeenea mno katika ofisi zetu, na dawa yake ipo: huduma za barua pepe za ofisini zinaruhusu katibu apewe ruhusa ya kusoma na hata kujibu kwa niaba ya bosi kupitia akaunti yake mwenyewe, bila kuijua nywila ya bosi. Baada ya hapo uhakiki wa hatua mbili uwashwe kwa kila kiongozi bila kumwachia hata mmoja, na kama bajeti ya Ndugu Afisa inaruhusu kitu kimoja tu, ningemshauri anunue funguo za usalama za kuchomeka kwenye kompyuta, mbili kwa kila mkurugenzi, moja ikiwa ya akiba. Ufunguo huo hukataa kufanya kazi kwenye tovuti ya kughushi hata kama mtu mwenyewe amedanganyika, jambo ambalo msimbo wa SMS hauwezi.

Zuieni pia barua kusambazwa zenyewe kwenda anwani za nje, na kagueni kanuni za visanduku vya viongozi kila mwezi. Wajumbe wa bodi wapewe anwani za kampuni, kwani mjumbe anayepokea taarifa za kikao kwenye akaunti yake binafsi ya bure anawazoesha wafanyakazi kuamini barua ya kiongozi inayotoka nje, na ndiyo mazoea yaliyomfikisha mhasibu wenu pale alipofika.

Tapeli naye huanza kazi yake kwa kusoma tovuti yenu. Sisemi msitangaze safari za mkurugenzi, lakini picha za Guangzhou zingeweza kubandikwa akiwa amekwisha kurudi.

Mdau_Arusha ameuliza:

Na kama fedha zimekwisha kutoka, kuna la kufanya?

Mlinzi_wa_Mombasa amejibu:

Lipo, ila saa ni chache. Pigieni benki yenu wakati huo huo, msingoje barua rasmi iandikwe, na mwombe kitengo cha udanganyifu kitume ombi la kurudishiwa fedha kwa benki iliyopokea na fedha zizuiwe huko. Mattel waliokolewa na kalenda: siku iliyofuata ilikuwa Mei Mosi, benki za China zilikuwa zimefungwa, na fedha zikazuiwa kabla hazijachukuliwa. Kwenu ninyi ilikuwa saa ya kufunga malipo ya nje. Msiitegemee bahati hiyo mara ya pili.

Baada ya benki, polisi. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitambua kosa la kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, na TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya mamlaka ya mawasiliano TCRA, hupokea taarifa za matukio. Kwetu Kenya ipo sheria ya mwaka 2018 yenye kosa kama hilo. Msiifute barua ile, wala msiisambaze kwa picha tu, kwa sababu ushahidi uko kwenye vichwa vyake vya kiufundi, ambavyo picha haivionyeshi. Na nywila ya aliyehusika ibadilishwe kutoka kwenye kompyuta safi, pamoja na kuvifunga vikao vyote vilivyokuwa wazi, vinginevyo mwizi ataendelea kusoma mnavyomtafuta.

Kwa anayedhani tunakuza mambo, FBI ilipokea taarifa za hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na utapeli huu kwa mwaka 2023 peke yake. Aliyewahi kujulikana duniani kwa jina la Hushpuppi, aliyekamatwa Dubai mwaka 2020 na kuhukumiwa Marekani mwaka 2022 kifungo cha zaidi ya miaka 11, alishiriki katika mtandao uliokuwa ukila kwa njia hizi hizi.

AfisaTehama_Kurasini amejibu:

Wakubwa zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo la kueleza. Majibu yenu niliyachapisha nikampelekea mkurugenzi mkononi, naye akayasoma yote nikiwa nimekaa mbele yake. Barua ya onyo haitatolewa. Kanuni imeandikwa, ina ukurasa mmoja, na ameitia saini. Ibara ya kutomwadhibu anayechelewesha malipo aliisoma mara mbili, akaniuliza ni nani aliyeipendekeza, kisha akaongeza kwa mkono wake kwamba simu ya uthibitisho apigiwe hata usiku wa manane. Mhasibu ameibandika ukutani juu ya kabati la vocha.

Kanuni ya majina ya viongozi nimeiwasha, na kweli, ilikuwamo ndani ya kifurushi tunachokilipia tangu miaka miwili iliyopita. Wiki ya kwanza imezuia barua nne, tatu kati ya hizo zikiwa za mjumbe wa bodi anayetumia akaunti yake binafsi, ambaye sasa amekubali kupewa anwani ya kampuni. Funguo za usalama tumeagiza kwa watu watano. DMARC iko p=none, na ripoti zimenionyesha mfumo wa hati za mishahara ambao haukuwa na saini yoyote, kama FundiSeva alivyotabiri, pamoja na seva moja nisiyoijua kabisa.

Swali langu la mwisho ni hili. Tunacho kikoa cha zamani cha .com, tulichokitumia kabla ya kuhamia .co.tz. Hakitumi barua yoyote sasa, hakina hata rekodi moja, lakini wateja wengi bado wanakifahamu. Nikiache kiishe muda wake?

FundiSeva amejibu:

Usikiache. Kikiisha muda wake kitachukuliwa na mtu mwingine, naye atapokea barua za wateja wenu wa zamani na kuwajibu kwa jina lenu. Endeleeni kukilipia, na kwa kuwa hakitumi barua, huna haja ya kupita hatua za polepole. Leo hii weka SPF yenye v=spf1 -all, inayosema kwamba hakuna seva yoyote yenye ruhusa ya kutuma kwa jina hilo, na DMARC yenye p=reject moja kwa moja. Kama wateja hawaandiki tena huko, weka na rekodi tupu ya MX, ile inayoelekeza barua zinazoingia, ili kisipokee kitu.

Ile seva usiyoijua tuwekee hapa mtoa huduma wake na kiasi cha barua inazotuma kwa siku, bila kutaja kikoa chenu, tuitazame pamoja kabla hujapanda kwenda quarantine.